Umeambiwa damu ndogo? Dawa za bibi zetu, zipi ziendelee na zipi tuziache

Kama umetoka kliniki saivi umeambiwa damu yako ndogo, na hapo ulipo uko soko la Mgandini unanunua bitiruti na rozela, na nyumbani umeshaagiza soda nyekundu ya kuchanganya na maziwa, simama kidogo usome hii kwanza. Sikwambii uache vya nyumbani, mi mwenyewe nimelelewa na bibi mzaa mama kule Mwambani na mengi aliyotufanyia yalikuwa na maana yake. Ila kuna vitu tunafanya hapa Tanga vinatupotezea muda tu, na kuna vingine ni hatari kabisa, na muda kwa mjamzito mwenye damu ya 7 ni kitu kikubwa jamani.

Mimba yangu ya pili nilipima wiki ya 28 nikakutwa na 7.6, hizo ni gramu za hemoglobini kwenye desilita moja ya damu. Mjamzito anatakiwa awe na 11 kwenda juu, mwanamke asiye na mimba 12, mwanaume 13, na mtoto wa miaka 2 mpaka 5 naye ni 11. Nikapewa vidonge vya damu nikaambiwa nirudi, nikaenda nyumbani wifi yangu akanishika mkono vizuri tu, jagi la rozela asubuhi jagi la rozela jioni, bitiruti inakamuliwa juu yake, nikameza vidonge siku nne nikaacha kwasababu ya kichefuchefu nikasema rozela inatosha. Baada ya wiki tatu narudi kupima, 7.4. Nililia pale pale kwenye benchi. Nesi aliyenipokea siku ile hakunigombeza, aliniuliza maswali matatu: chai unakunywa saa ngapi, udongo unakula, na dawa ya minyoo mara ya mwisho umemeza lini. Chai ya rangi nilikuwa nakunywa kila mlo, pemba, ule udongo wa kutafuna, nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga tangu mwezi wa tatu, na dawa ya minyoo hata sikukumbuka. Nayoandika hapa karibu yote yametokana na maswali yale.

Tuanze na rangi maana hapo ndio wengi tunapotelea. Tunaona damu nyekundu basi tunatafuta chekundu cha kunywa. Wekundu wa damu unatoka kwenye hemoglobini, na ndani ya hemoglobini kuna madini chuma, hayo ndio yanabeba hewa tunayovuta kuipeleka mwilini. Wekundu wa rozela na wa bitiruti ni rangi ya mmea tu, chuma hakimo humo kwenye rangi. Bitiruti gramu 100 nzima haifikishi hata miligramu 1 ya madini chuma, wakati mjamzito anahitaji kama miligramu 27 kwa siku, piga hesabu mwenyewe utakula bitiruti ngapi. Maini ya ng'ombe yaliyopikwa, gramu zile zile 100, yana kama miligramu 6 na mwili unayachukua vizuri zaidi. Rozela ni kinywaji kizuri kunywa ukipenda, ila ujue inashusha presha, kwaiyo kama unameza dawa za presha au una mimba usiifanye jagi kwa jagi kama mimi. Na soda nyekundu na maziwa ndio mbaya kuliko zote, soda ni sukari na rangi, alafu maziwa yenyewe yana kalsiamu inayozuia chuma kisiingie mwilini, yaani umejaza tumbo na mlango umefunga.

Vinavyoongeza damu kweli wala havina sura ya damu. Dagaa wana rangi ya kijivu, maini ya kahawia, mbaazi, kunde, choroko, majani ya kijani, na kidonge kidogo unachopewa bure kliniki ukakitupa kwenye droo.

Tembele sasa. Hii nasema iendelee, na kisamvu, mnavu, mchicha, majani ya kunde na ya maboga. Ila mtindo wa siku hizi wa kusaga tembele bichi kwenye blenda alafu unachuja unakunywa lile maji ya kijani, hapo unatupa kile ulichokifuata. Wengine wanachemsha wanakunywa maji majani wanamwaga, ni yale yale. Kula majani yenyewe. Na kwa ubichi usinywe, matembele mengi ya mjini yanalimwa pembezoni mwa mitaro, unaweza kujiletea homa ya matumbo au mayai ya minyoo wakati unatafuta damu. Osha kwa maji yanayotiririka mara mbili tatu, katakata, pika kwa maji kidogo lisiive mpaka likapondeka, tia nyanya na nazi kama kawaida yetu, na likishatoka jikoni ndio ukamulie limau, sio likiwa motoni kwasababu moto unaua vitamini C. Limau sio la ladha tu hapo. Chuma cha kwenye majani na maharage mwili unakichukua kidogo sana, vitamini C ndio inakisaidia kupita. Na ukiweka dagaa au kipande cha samaki kwenye mlo huo huo, chuma cha majani nacho kinachukuliwa zaidi. Kwaiyo bada la muhogo na tembele na dagaa, kisha chungwa la Muheza baada ya kula, hiyo ni dawa ya kienyeji nayoisimamia mbele ya daktari yeyote. Kama machungwa sio msimu wake, pera lina vitamini C nyingi kushinda hata chungwa.

Sasa chai. Najua nawagusa pabaya. Asubuhi yetu hapa ni mahamri na mbaazi za nazi na chai, iwe ya rangi au ya maziwa. Mbaazi zina madini chuma ya kutosha, zingeweza kukusaidia kila asubuhi ya Mungu, ila chai ina tanini na tanini inakishika chuma palepale tumboni kinatoka nacho chooni. Chai nzito pamoja na chakula inaweza kupunguza zaidi ya nusu ya kile ambacho mwili ungechukua. Kahawa nayo inafanya hivyo hivyo ingawa kidogo kidogo, kwaiyo baba anayekula chakula cha mchana alafu anaenda barazani moja kwa moja kunywa vikombe vitatu vya kahawa naye asishangae damu ikiwa ndogo. Hujaambiwa uache chai maisha, mtu wa Tanga aache chai aende wapi, isogeze tu. Kula mbaazi zako na mahamri, kunywa maji au juisi ya chungwa au ya ukwaju, alafu chai ije baada ya saa moja na nusu au mawili. Mimi hili ndio lilikuwa gumu kuliko vidonge, wiki ya kwanza kichwa kiliniuma, kisha ikazoeleka.

Maharage, kunde na choroko loweka usiku kucha umwage yale maji, inapunguza vile vitu vilivyomo kwenye mbegu vinavyozuia chuma. Maini ni mazuri mara moja kwa wiki, ila mjamzito hasa miezi mitatu ya mwanzo asiyale kila siku kwasababu yana vitamini A nyingi mno na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto.

Bibi yangu alikuwa na dawa nyingine, alikuwa anachoma kipande cha chuma jikoni mpaka kinakuwa chekundu anakitumbukiza kwenye maji kinalia chwaaa, mgonjwa anakunywa yale maji. Wengine wanaloweka misumari kwenye maji ya limau usiku mzima. Msiwacheke wazee, wazo lilikuwa sahihi. Ulaya karne ya 17 daktari Thomas Sydenham wa Uingereza alikuwa anawapa wagonjwa wake unga wa chuma uliolowekwa kwenye mvinyo, na huko huko watu walichomeka misumari kwenye tofaa wakaliacha usiku kisha wakalila. Mwaka 1832 Mfaransa Pierre Blaud ndio akaja na vidonge vya chuma vyenye kipimo, na vidonge tunavyomeza leo ni wajukuu wa vile. Tofauti ya bibi na Blaud ni kipimo, kwenye glasi ya bibi hujui kama kuna chuma kingi au hakuna kabisa. Na misumari ya leo sio ya zamani, mingi imepakwa zinki isishike kutu, ukiiloweka kwenye limau zinki inatoka inaingia kwenye maji na itakutapisha, mingine ina mafuta ya kiwandani, na vyuma chakavu vyenye rangi vinaweza kuwa na madini ya risasi (ledi) ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Kwaiyo misumari acha. Ukitaka ile hekima ya bibi kwa njia salama pikia kwenye chungu au kikaango cha chuma kizito kisichopakwa kitu, mchuzi wenye nyanya au ukwaju unachota chuma kidogo kutoka kwenye chombo. Ethiopia walijaribu, utafiti ukatoka mwaka 1999, watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma damu yao ilipanda kuliko waliopikiwa kwenye sufuria za alminiamu. Ni msaada wa jikoni lakini, kwa mtu ambaye damu imeshashuka sana hautoshi.

Udongo. Hapa naomba tusikilizane vizuri kwasababu wengi tunaficha. Pemba inauzwa wazi sokoni na kila mtu anajua ni ya wajawazito, na tunaambiana ni hamu ya mimba tu. Mara nyingi ile hamu ni dalili kwamba chuma kimeisha mwilini, na wengine inawajia kwa kutafuna mchele mbichi au barafu. Tatizo ni kwamba ule udongo unakishika chuma kilichopo kwenye chakula, kwaiyo unakula kwasababu huna damu na unakosa damu kwasababu unakula. Juu ya hapo kuna hatari ya minyoo na ya risasi. Usijigombeze wala usimgombeze binti yako, mwambieni nesi ukweli. Mimi nilivyoanza vidonge vya damu vizuri hamu ilikatika yenyewe kwenye wiki ya pili, sikuamini, nilikuwa nadhani nina uraibu.

Alafu ujiulize damu inaenda wapi. Unaweza kula maini ya ng'ombe mzima kama kuna mahali inatoka hutofika. Wazee walikuwa na neno safura, mtu amevimba uso, amepauka, anachoka, na safura ile ni minyoo inayoingia kupitia nyayo ukitembea peku kwenye udongo wenye kinyesi, inakaa kwenye utumbo inanyonya damu kila siku. Dawa yake ni albendazo ya miligramu 400 au mebendazo ya 500, mjamzito hapewi miezi mitatu ya mwanzo. Vaa ndala ukienda shambani na chooni. Malaria nayo inavunja chembe za damu, kwaiyo lala kwenye neti, na mjamzito ameze SP zake kliniki, vile vidonge vya kumkinga na malaria. Mtoto anayekojoa damu ni kichocho, asipewe juisi, apelekwe. Mwanamke ambaye hedhi inazidi siku saba au inatoka na mabonge au anabadilisha pedi kila saa, hiyo sio kawaida hata kama mama yako na dada zako wote wako hivyo, inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi na inatibika. Kuzaa karibu karibu kunamaliza akiba. Na mwanaume, au mama aliyeshakoma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma asipewe vidonge tu akaondoka, atafutwe kama anavuja damu tumboni, hasa kama anameza diklofenaki au aspirini za maumivu ya mgongo kila siku au choo chake ni cheusi kama lami na hajaanza vidonge vya chuma.

Tuje kwenye vidonge. Kliniki ya wajawazito wanatoa vya chuma na foliki asidi pamoja. Ukinunua mwenyewe famasi utakuta ferasi salfeti ya miligramu 200, ile 200 ni uzito wa dawa nzima, chuma chenyewe ndani ni kama 65. Hizi sirapu za damu zenye picha ya mama anacheka kwenye boksi soma kwanza nyuma, nyingine zina chuma kidogo sana na bei ni mara kumi ya kidonge, mi niliuziwa moja kwenye duka fulani nikaambiwa inapandisha damu ndani ya siku saba, na damu haipandi siku saba. Inapanda kama pointi 1 mpaka 2 kwa wiki tatu nne ukimeza vizuri. Mjamzito wa kawaida anameza kimoja kwa siku, mimi kwa vile nilikuwa chini sana niliandikiwa viwili, usijipangie. Kwa asiye mjamzito, siku hizi imeonekana kumeza siku moja na kuruka moja mwili unachukua vizuri zaidi kwa kila kidonge na tumbo linasumbua kidogo, kwasababu ukimeza leo mwili unafunga mlango kwa muda. Muulize daktari wako kama hiyo inakufaa.

Kimeze tumbo likiwa tupu na maji au juisi ya chungwa, mbali na chai, maziwa na dawa za kiungulia kwa masaa mawili. Kikikuchefua kama kilivyonichefua mimi, meza usiku kabla ya kulala ukiwa umekula kidogo, bora kichukuliwe kidogo kuliko kisimezwe kabisa. Choo kitakuwa cheusi, ni kawaida, usiogope. Kikiwa kigumu kunywa maji, kula papai. Na mjamzito usijinunulie foliki ya miligramu 5 ukaongezea juu, inapunguza nguvu ya SP ya malaria, ile ndogo iliyomo kwenye kidonge cha kliniki, ya 0.4, inatosha.

Vidonge viweke juu kabisa, mtoto asifikie. Hili naliandika kwa uzito. Vinafanana na peremende, na mtoto wa kilo 10 akimeza kama kumi vya hivyo vya 65 amefika kwenye kiwango cha sumu kali inayoweza kuua. Atatapika, kisha anaweza kuonekana amepona kwa masaa kadhaa, alafu hali inageuka. Akimeza mkimbize hospitali hata kama anacheza, na boksi uende nalo.

Watoto wadogo usiwape dawa ya chuma kwa kubahatisha. Hapo ng'ambo tu kisiwani Pemba ulifanyika utafiti mkubwa kwa watoto, ulichapishwa mwaka 2006, waliopewa chuma na foliki kila siku bila kuangalia malaria kulazwa na kufa kulikuwa juu kwa kama asilimia 12 kuliko wasiopewa. Ila wale ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma, na walifuatiliwa na kutibiwa malaria mapema, walifaidika. Kwaiyo mtoto apimwe damu na malaria kwanza, alale kwenye neti, apewe dozi ya uzito wake. Chini ya mwaka mmoja asinyweshwe maziwa ya ng'ombe kama kinywaji chake kikuu, na akifika miezi sita uji wake utiwe unga wa dagaa, usiwe mahindi matupu. Mwenye selimundu naye ni habari tofauti, damu yake ndogo inatokana na chembe kuvunjika na wengi wao wameongezewa damu mara nyingi, chuma kimejaa tayari, asipewe mpaka daktari wake aseme.

Ukiwa na haya usisubiri juisi wala kidonge: pumzi inakata ukiwa umekaa tu, moyo unapiga mpaka unausikia masikioni, unazimia, au mjamzito yuko chini ya 7. Nenda hospitali leo. Kuna dripu ya chuma inayoingia kwenye mshipa kwa wale ambao vidonge vimeshindikana au siku za kujifungua zimekaribia, na kuna kuongezewa damu, na ndugu wakiombwa kuchangia wasikimbie.

Mimi nilifika leba na 10.4. Nilimwomba mkunga asiwahi kukata kitovu kama mtoto yuko salama, akasubiri dakika mbili hivi, ile damu ya kwenye kondo inaingia kwa mtoto na kumpa akiba ya chuma kwa miezi yake ya mwanzo, ulizeni na nyie mkifika. Vidonge niliendelea navyo miezi mitatu baada ya hapo kwasababu damu ikishafika kiwango akiba bado ni tupu. Chai nimeirudia, saa kumi jioni, na kashata.